Kidonge Usichokihisi

Bibi mmoja wa miaka 70 na ushei alinimwagia mezani kifuko chake cha kitenge. Vikadondoka vidonge vya aina tano, vingine kwenye pakiti zake, vingine vimeviringishwa kwenye kipande cha gazeti. Akaanza kunionyesha kimoja kimoja: hiki cha presha, hiki cha kutuliza mapigo, hiki diklofenaki ya goti, hiki aspirini aliyopewa na jirani kwa maelezo kwamba inalainisha damu. Cha mwisho, kidogo kuliko vyote, alikishika kwa ncha za vidole.

"Hiki, mwanangu, sikioni kazi yake. Nikinywa niko vilevile, nisipokunywa niko vilevile. Nimekipumzisha wiki mbili sasa."

Kilikuwa warfarini. Katika vyote vitano, hicho ndicho kilichokuwa kinamkinga zaidi na kiharusi.

Faili lake liliandikwa AF, herufi mbili ambazo wagonjwa wengi huziona bila kuelezwa. Moyo una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Katika AF umeme wa moyo huvurugika kule juu, na vyumba vile, badala ya kubana na kuachia kwa utaratibu, hutetemeka zaidi ya mara 300 kwa dakika. Ukimshika mgonjwa kifundo cha mkono utasikia mapigo yaliyokosa hesabu: mawili ya haraka, kimya, moja zito, matatu mepesi, kimya tena. Wengine husikia moyo ukienda mbio au pumzi ikikatika wakipanda ngazi. Wengine hawasikii chochote hadi wapimwe kwa sababu nyingine.

Balaa lenyewe liko kwenye damu isiyosukumwa. Hutuama, hasa katika kimfuko kilicho pembeni mwa chumba cha juu cha kushoto, na damu inayotuama huganda. Bonge likichomoka pale huingia kwenye mshipa mkuu, na mara nyingi huishia kwenye ubongo. Mtu mwenye mtetemeko huu ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya asiye nao.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza "dawa ipi ya AF ni bora?", namrudishia swali: bora kwa kazi ipi? Zipo kazi tatu. Moja ni kuzuia damu isigande. Ya pili ni kupunguza kasi ya moyo. Ya tatu ni kujaribu kuurudisha moyo kwenye mpigo wake. Kulinganisha warfarini na bisoprololi, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, ni kama kuuliza kipi bora kwenye gari, breki au usukani. Na hapa ndipo bibi yangu alipokosea, kwa kosa linaloeleweka kabisa: alizipima dawa kwa namna zilivyomfanya ajisikie. Ile ya mapigo ilimpa usingizi. Ile ya goti ilimpeleka sokoni. Ya kuzuia kiharusi haina namna ya kukupa habari njema. Ikifanya kazi, hakuna kinachotokea.

Tuanze na hizo za damu, kwa sababu ndizo zenye mvutano.

Warfarini ina asili ya ajabu. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walikuwa wakivuja damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyooza. Maabara ya Karl Paul Link kule Wisconsin ndiyo iliyoipata kemikali iliyohusika, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 kama sumu ya panya. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Mgonjwa akisikia "sumu ya panya" hushtuka, nami humwambia ukweli: ndiyo, ni kitu kilekile, na tofauti ni dozi. Ndiyo maana hatukuachii uinywe bila kupima.

Kipimo chenyewe ni INR, cha jinsi damu inavyochelewa kuganda. Kwa mtu asiyetumia dawa hii, namba huwa karibu na 1. Kwa mgonjwa wa AF tunataka ikae kati ya 2 na 3. Ikishuka chini ya 2 kinga imelegea, ikipanda sana damu inaweza kuvuja tumboni au kichwani. Ikikaa mahali pake, warfarini hupunguza viharusi kwa karibu theluthi mbili. Aspirini haifikii hata nusu ya hapo, na bado inatoboa tumbo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2011, wagonjwa zaidi ya 5,500 walioonekana kuwa warfarini haiwafai waligawanywa kati ya aspirini na apiksabani, mojawapo ya dawa mpya nitakazozieleza. Waliopata apiksabani walipata viharusi pungufu ya nusu, na kuvuja damu hakukutofautiana sana. Jirani wa bibi alikuwa na nia njema, lakini aspirini si mbadala mpole wa warfarini. Ni dawa dhaifu yenye hatari yake.

Taabu ya warfarini ni kwamba inagombana na kila kitu. Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K, ambayo huipunguza nguvu. Wagonjwa huambiwa "usile mboga", ushauri ambao siupendi kabisa. Kula mboga, ila kwa kiasi kinachofanana wiki hadi wiki. Ukila kisamvu kila siku, dozi yako itapangwa kwa mtu wa kisamvu. Hatari ni kula leo sahani mbili halafu kukaa mwezi mzima bila jani. Dawa nyingine ndizo za kuogopa zaidi: metronidazoli ya kuhara, flukonazoli ya fangasi na amiodaroni ya moyo wenyewe hupandisha INR; rifampisini ya kifua kikuu huishusha mno. Na diklofenaki, ile ya goti, hukwaruza tumbo wakati damu haigandi. Kile kifuko cha kitenge kilikuwa na ugomvi wake ndani.

Ndipo zikaja dawa mpya: dabigatrani kwanza, kisha rivaroksabani, apiksabani na edoksabani. Hazihitaji INR, hazijali mchicha. Kwa kuvuja damu ndani ya kichwa, zote zilifanya vizuri kuliko warfarini. Apiksabani, katika utafiti wa watu zaidi ya 18,000, ilipunguza viharusi, kuvuja damu kukubwa na hata vifo. Tangu 2019 dawa za kundi hili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mzee mwenye AF iliyoletwa na presha, vali zake nzima, anayeweza kuimudu dawa bila kukatiza, mimi ningeanza na apiksabani.

Lakini sentensi hiyo ina masharti mawili mazito. La kwanza ni vali.

Ulaya na Marekani mgonjwa wa AF kwa kawaida ni mzee mwenye presha. Kwetu yupo huyo, na yupo pia dada wa miaka 30 ambaye vali ya moyo wake iliharibiwa na homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni, baada ya maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa. Vali imekuwa nyembamba, chumba cha juu kimetanuka, mtetemeko umeanza. Tafiti zilizozipa sifa dawa mpya ziliwaacha nje watu kama yeye. Walipochunguzwa hatimaye, katika utafiti wa INVICTUS uliotangazwa mwaka 2022, wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wanawake, umri wa wastani karibu miaka 50, wengi tulitarajia rivaroksabani ingeshinda au angalau kulingana. Haikuwa hivyo. Waliopewa warfarini au dawa za jamii yake walikufa wachache zaidi, ingawa INR zao hazikukaa kwenye kiwango muda wote. Vivyo hivyo kwa wenye vali za chuma: dabigatrani ilijaribiwa kwao na utafiti ukasimamishwa kwa madhara. Hao dawa yao ni warfarini, basi. Ukiona mtu mwenye vali nyembamba ya baridi yabisi amebadilishiwa dawa kwa sababu tu "hii ndiyo ya kisasa", uliza maswali.

Dada huyo akitaka kubeba mimba, aseme mapema. Warfarini hupita kwenye kondo na inaweza kumlemaza mtoto miezi ya mwanzo, na dawa mpya nazo hazishauriwi. Kuna sindano za heparini na kuna mipango, lakini hupangwa kabla, si siku ya kuchelewa hedhi.

Sharti la pili ni mfuko na kumbukumbu. Warfarini husamehe kidogo: ukisahau jioni moja, nguvu yake ya juzi bado imo mwilini. Dawa mpya hazina msamaha huo. Nguvu ya apiksabani hupungua kwa nusu baada ya saa 12 hivi, kwa hiyo anayeinywa hadi tarehe 20 akasubiri mshahara, siku 10 hana kinga yoyote. Rivaroksabani ya mara moja kwa siku lazima imezwe na chakula. Kwenye tumbo tupu karibu theluthi ya kidonge hupotea. Dabigatrani hutoka zaidi kupitia figo, kwa hiyo figo zikichoka hujaa mwilini. Mwezi wa Ramadhani rivaroksabani hukaa vizuri na futari. Apiksabani ya mara mbili, kwetu karibu na ikweta, huangukia futari na daku, pengo la kama saa kumi usiku na saa kumi na nne mchana. Si mgawanyo kamili, lakini ni mambo ya kuongea na daktari kabla ya mwezi kuandama, wala si ya kuamua peke yako jikoni saa kumi alfajiri.

Kazi ya pili ina maneno machache. Bisoprololi na ndugu zake hupunguza kasi na huwafaa wengi, kwa uangalifu kwa wenye pumu. Verapamili hufaa pia, ila si kwa moyo uliodhoofu. Digoksini, inayotokana na ndugu wa mmea ambao daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785, ni ya zamani na bado ina kazi, hasa kwa mzee asiyetembea sana au mwenye moyo dhaifu. Ikizidi huleta kichefuchefu na kuona manjano. Hakuna haja ya kuushusha moyo hadi mapigo 60 kwa dakika. Utafiti wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kukaa chini ya 110 mtu akiwa ametulia kuliwatosha wengi.

Ya tatu, kurudisha mpigo, huwasaidia zaidi waliogunduliwa mapema. Dawa tunayoipata kirahisi ni amiodaroni. Ina nguvu, ina iodini nyingi, huchokoza tezi ya shingo, mapafu na ini, na hukaa mwilini miezi hata baada ya kuacha. Anayeitumia apimwe tezi na ini, na kama yuko kwenye warfarini, dozi ya warfarini ipunguzwe mapema. Kisha kuna neno moja ambalo wagonjwa hawapendi kulisikia: moyo ukirudi kwenye mpigo, dawa ya damu haiachwi kwa sababu hiyo. Mtetemeko hurudi usiku, kimyakimya.

Bibi alipimwa INR siku ileile: 1.1. Vali zake zilikuwa nzima, hivyo daktari wake alimweleza habari ya apiksabani, na yeye akauliza bei, akahesabu kwa vidole, akakataa. Kliniki ya damu ilikuwa mwendo wa dakika chache kutoka kwake, na kabla ya ile likizo ya kidonge INR yake ilikuwa ikikaa vizuri. Akarudi kwenye kidonge kidogo. Aspirini na diklofenaki vikabaki mezani kwangu, goti likapewa parasetamoli. Akaomba kalamu, akachora alama ya msalaba kwenye pakiti ya warfarini.

"Ili nikumbuke," akasema, "hiki ndicho kisichosema."