Jiwe lililoijenga Mombasa ndilo linalotia shaka maji ya visima

Mtu avukaye daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa huingia katika ardhi isiyofanana kabisa na ile ya Changamwe, ijapokuwa pande zote mbili huitwa bara.

Kisauni, pamoja na eneo la Likoni lililo karibu na ufuo, imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilikuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita kadhaa, na wanyama wadogo wa baharini wakajenga mwamba wao mahali ambapo leo pana nyumba na barabara. Bahari ilipojitenga, mwamba huo ulibaki nchi kavu. Baadaye, katika enzi ya barafu iliyofikia kilele miaka 20,000 hivi iliyopita, maji yalishuka takriban mita 120. Mito ikachimba mabonde, na bahari iliporudi ikayajaza. Ndiyo hori za Kilindini na Tudor.

Changamwe ni nchi kongwe zaidi. Jiwe lake ni tope lililoganda tabaka kwa tabaka zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, na tabaka hizo zimeinama kuelekea baharini.

Saruji huhitaji chokaa na udongo mfinyanzi, vichomwe pamoja katika joto la nyuzi 1,450 hivi. Haishangazi basi kwamba kiwanda cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kiliwekwa juu ya matumbawe yenyewe. Timbo lake liliacha jangwa jeupe, hadi mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Rene Haller, alipoanza kupanda miti humo. Mvinje ndio uliostahimili zaidi, na majongoo yakasaidia kuyageuza majani yake makavu kuwa mboji. Leo watalii hulipa kiingilio kutazama shimo hilo.

Lakini kwa mwananchi wa kawaida, jambo zito liko chini ya miguu yake. Maji ya mvua, ambayo yana asidi kidogo, huliyeyusha jiwe la chokaa polepole na kuacha nyufa, mashimo na mapango. Mchanga huchuja maji yanapopenya. Matumbawe yenye nyufa huyapitisha upesi, yakiwa na uchafu wake. Choo cha shimo kilichochimbwa katika jiwe hilo huweza kupeleka vijidudu kwenye kisima cha jirani kwa muda mfupi, na maji hayo yakaonekana maangavu kama ya chemchemi. Kipindupindu hakina rangi.

Tatizo la pili ni chumvi. Maji matamu ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu yake ndani ya mwamba. Kisima kikivutwa kwa pampu kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda kutoka chini, na kuyarudisha mahali pake huchukua muda mrefu.

Katika mitaa iliyosongamana ya Kisauni na Likoni, ambako mabomba hukauka mara kwa mara, kisima na choo hulazimika kukaa katika kiwanja kimoja. Kuchemsha maji au kuyatia klorini huua vijidudu. Chumvi haiondoki kwa njia hizo, na kufukia kisima kimoja hakusaidii iwapo vyoo vya majirani vimezunguka kila upande.