Kumgeuza mgonjwa kitandani usiku: sio nguvu, ni ujuzi

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna jambo wengi wetu tutakutana nalo majumbani, na hakuna anayetufundisha mpaka siku mgonjwa anarudi nyumbani.

Bi mkubwa wangu alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Siku ya kuruhusiwa hospitali tuliambiwa neno moja tu: muwe mnamgeuza. Vipi? Hakuna aliyesema. Basi tukawa tunamkamata kwapani, moja, mbili, tatu, vuta! Yeye analia bega, mimi kiuno kinaniuma. Ikafika mahali usiku anajinyamazia tu ili asitusumbue. Wiki ya pili dada akaona alama juu kidogo ya makalio, pameiva na pamekuwa pagumu. Hapo ndipo tukamtafuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Kwanza tuelewe kwa nini. Sisi wazima tunageuka usiku kucha bila kujijua. Asiyeweza kugeuka, uzito wote unakaa pale mfupa ulipo karibu na ngozi: chini ya mgongo, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko. Damu haipiti vizuri, nyama inaanza kufa, kidonda kinakuja. Na kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona wekundu. Angalia paliposhika rangi tofauti, gusa usikie kama pana joto, pagumu au panabonyea kuliko pembeni. Ukipaona, mpeleke akaonwe mapema, na usimlaze tena hapo. Wala usipasugue, unazidi kuumiza.

Sasa kugeuza kwenyewe:

1. Mwambie kwanza. Mtu akishtukizwa anakakamaa, anakuwa mzito mara mbili.

2. Simama upande anaogeukia, umvutie kwako, hivyo hawezi kuanguka.

3. Mkunje magoti yote mawili, nyayo zikae kwenye godoro. Hii ndiyo siri yenyewe: magoti yakilala upande, kiuno kinafuata.

4. Mkono uliolegea uweke kifuani. USIUVUTE KAMWE, bega la mgonjwa wa kiharusi linateguka kirahisi.

5. Mkono wako mmoja nyuma ya bega, mwingine nyuma ya nyonga. Atazame upande anaokwenda, halafu mbiringishe mwili wote kwa pamoja.

6. Mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Asilale ubavu kabisa, aegemee kidogo tu. Akilalia upande uliolegea, sogeza bega lile mbele kidogo asilikandamize. Akilala chali, weka mto chini ya miguu ili visigino vielee.

Akiwa ameteremka chini ya kitanda, usimburute, ngozi inachubuka. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani mpaka mapajani. Watu wawili, kila mmoja upande wake, mkunje kingo za shuka mpaka karibu na mwili wake, mpige magoti kidogo, mmsogeze kwa pamoja. Godoro lililobonyea katikati nalo ni adui, linakuwa shimo, hata mzima hageuki vizuri.

Je, kila baada ya muda gani? Kawaida inayofundishwa ni kila saa mbili, ila mwenye ngozi iliyoanza kuharibika anaweza kuhitaji zaidi, mwulize nesi wako. Sisi tunatega alamu kwenye simu na tumegawana zamu. Kabla ya hapo kila mtu alidhani mwenzake kaamka, kumbe wote tumelala.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili: mwache afanye anachoweza. Bi mkubwa alifundishwa kushika mkono wake mgonjwa kwa ule mzima, kukunja goti, kutazama kushoto na kujibiringisha taratibu. Siku aliyofanikiwa peke yake ilikuwa saa tisa usiku, akaniita nije nimwone. Nilidhani kuna baya! Siku hizi kushoto anakwenda mwenyewe, anatuamsha akitaka kulia tu. Ile alama nayo imepotea.

Wapo wengi wanaojinyamazia usiku ili wasitusumbue. Tusisubiri waite.

Manesi na wataalamu mlioko humu, nilipokosea nisahihisheni hapo chini. Na mwenye mgonjwa nyumbani atuambie yeye anafanyaje.

Nawasilisha.