Je, Wajua? Mafumbo ya Herufi GT

Je, wajua kwamba Porsche 911 GT3 RSR halikuwa gari la daraja la GT3? Lilikimbia GT2. Anayeanza kufuatilia mbio za ustahimilivu, zile za saa 6, 12 au 24, huliona jina hilo kwenye orodha za zamani za washindani akadhani mchapaji amekosea. Hakuna aliyekosea. "GT3" ni jina la kiwanda: Porsche ilianza kuuza 911 GT3 ya barabarani mwaka 1999. "GT2" ni jina la daraja, lililowekwa na wenye mbio. Daraja la GT3 lenyewe lilianza kushindaniwa mwaka 2006, wakati jina la gari lilikuwa limeshazoeleka mitaani kwa miaka 7.

Leo Porsche linalokimbia GT3 ni 911 GT3 R. Ondoa hiyo R, unabaki na gari lenye namba za usajili la kuendea kazini. Weka Cup mahali pake, unapata gari la mashindano ya chapa moja, ambako kila dereva ana Porsche ya aina ileile. Tena usidhani namba ndogo ni kasi ndogo: barabarani, 911 GT2 ina nguvu kuliko 911 GT3.

GT ni Gran Turismo, Kitaliano, na turismo hapo ni safari: gari la kuwabeba watu wawili na mizigo yao kutoka nchi hadi nchi, kwa kasi na kwa starehe. Wapenzi wa Safari Rally wanazijua herufi hizo kwa Toyota Celica GT-Four ya Björn Waldegård iliyoshinda mwaka 1990, ila kule GT ilikuwa jina la biashara tu, kwa kuwa rali ina makundi yake. Katika mbio za ustahimilivu herufi hizo ni masharti. Gari la GT sharti liwe na ndugu yake anayeuzwa dukani. Lisilo na ndugu ni prototaipu, gari lililoundwa kwa ajili ya mbio peke yake. Na ugomvi mwingi ninaoujua katika historia ya mbio hizi unarudi kwenye swali moja: ndugu wangapi?

Mwaka 1962 jibu la FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, lilikuwa 100. Ferrari ikaleta 250 GTO. Ile O ni Omologata, yaani iliyoidhinishwa, na jina zima likawa tangazo kwamba karatasi zimepita. Magari yenyewe yaliyotengenezwa hadi 1964 ni 36, ukiacha machache yenye injini kubwa zaidi. Ferrari ilisema hili si gari jipya bali ni 250 GT ya zamani iliyobadilishwa bodi, na FIA ikakubali.

Ikarudi na hoja hiyohiyo kwa 250 LM, gari ambalo injini yake ilikuwa imehamishiwa nyuma ya dereva. Safari hii FIA ilikataa. Hapa jina lenyewe linasimulia. Kwa desturi ya Ferrari wakati ule, 250 ni ujazo wa silinda moja kwa sentimita za ujazo. Zidisha kwa silinda 12, unapata lita 3. Lakini karibu 250 LM zote zilikuwa na injini ya lita 3.3, kwa hiyo kwa hesabu ya Ferrari wenyewe zilipaswa kuitwa 275. Namba 250 iliachwa ili gari lionekane ni mtoto wa ukoo uleule. Likakimbia na prototaipu, na mwaka 1965 Jochen Rindt na Masten Gregory wakashinda nalo Saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Ferrari haikupata tena ushindi wa jumla pale hadi 2023, kwa gari liitwalo 499P. Zidisha 499 kwa silinda 6, uone desturi ile ingali hai.

Je, wajua kwamba mwaka 1994 gari lililoshinda Le Mans lilikuwa la GT, ingawa kwa asili ni prototaipu ya miaka ya 1980? Porsche 962 ilikuwa imebanwa na kanuni mpya za prototaipu. Jochen Dauer, Mjerumani, alikuwa amelitengeneza upya gari hilo liweze kutembea barabarani, na kanuni za mwaka ule ziliridhika na ndugu mmoja. Dauer 962 likaingia kama GT, likiwa na tangi la mafuta kubwa kuliko la prototaipu, likawapita wote.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya sanduku. Gari la GT ni la safari, kwa hiyo lazima liwe na nafasi ya mizigo. Toyota ilipoleta GT-One mwaka 1998, gari lililo chini kama mkeka, haikuwa na buti la maana. Wahandisi wakawaonyesha wakaguzi tangi la mafuta. Wakati wa ukaguzi tangi huwa tupu, wakasema, na ndani yake sanduku linaenea. Wakaguzi wakapima, wakakubali. Ninawaheshimu watu wale: waliisoma kanuni neno kwa neno kuliko walioiandika.

Kisha majina yenyewe yakaanza kuhama. GT1 ya miaka ya 1990 ilikufa kwa gharama. Mwaka 2005 jina likafufuliwa kwa magari mengine kabisa, na daraja la chini yake, ambalo FIA ilikuwa ikiliita N-GT, likawa GT2. Kufikia 2011 GT2 ya Le Mans ikageuka GTE. Mwaka 2012 ubingwa wa dunia wa GT1 ukafanyika kwa magari ya GT3, bango likisema moja na uwanja ukionyesha jingine. Baadaye jina GT2 likapewa tena magari mapya, yenye injini kali, kwa ajili ya madereva wasio wa kulipwa. GTE nayo ikaaga 2023, na tangu 2024 Le Mans wanakimbiza LMGT3.

Vuka bahari, majina yanabadilika tena. Le Mans, Porsche 963 lilikimbia katika daraja la Hypercar. Likifika Daytona, Marekani, linaitwa GTP, na hiyo GTP haimo kabisa kwenye madaraja ya GT, kwa kuwa ni ya prototaipu. Japani wana GT500 na GT300. Namba hizo zilikusudiwa kuonyesha nguvu za farasi, lakini GT500 za leo zimepita 600.

Wakati mwingine tofauti haimo hata kwenye gari. GTE Pro na GTE Am walikuwa na magari ya jamii moja. Kilichowatenga ni aliyeshika usukani. FIA huwapanga madereva kwa platinamu, dhahabu, fedha na shaba, na katika LMGT3 kila gari sharti liwe na dereva wa shaba, mara nyingi mtu mwenye biashara yake anayekimbia kwa mapenzi.

Usiku, kwenye mzunguko ule wa kilomita 13.6, hakuna anayesoma herufi ubavuni. Wanaangalia taa. Kwa miaka mingi Le Mans imeyataka magari ya GT yawashe taa za njano na prototaipu ziwashe nyeupe. Dereva wa GT akiona nyeupe kwenye kioo chake, anaacha njia, maana huyo anakwenda kasi nyingine. Akiona njano, anaziba.