Kwa Nini Pampu ya Bluu Peke Yake Haitoshi

Kwa kuwa nasoma famasia, wenzangu wenye pumu huniuliza swali moja kila msimu wa vumbi: mbona pampu ya bluu inasaidia chapchap, halafu kesho kifua kinabana tena? Jibu liko kwenye vipokezi.

Kipokezi ni protini ya seli inayofanya kazi kama kitasa: ufunguo wake ukiingia, seli inaitikia. Salbutamoli, dawa ya pampu ya bluu, inaingia kwenye vitasa vya misuli ya njia za hewa. Misuli inalegea, unapumua. Safi kabisa. Ila kwa pumu ya mzio, vurugu haikuanzia kwenye misuli. Ilianzia kwenye seli za kinga.

Mwili wenye mzio hutengeneza kingamwili iitwayo IgE dhidi ya vitu kama utitiri wa vumbi la godoro. IgE hujishikiza kwenye vipokezi vya seli za masti, ikasubiri. Ukivuta vumbi lile, seli hizo zinamwaga histamini na leukotrieni: njia za hewa zinabana, ute unajaa. Saa chache baadaye zinafika eosinofili, seli nyeupe za damu zinazoendeleza uvimbe.

Huko ndiko dawa nyingine zinakolenga. Kidonge cha montelukasti kinaziba kipokezi cha leukotrieni. Omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, inaidaka IgE kabla haijashika kipokezi chake. Benralizumabu inashika kipokezi cha IL-5 juu ya eosinofili, na seli nyingine za kinga zinakuja kuziua. Hizi mbili za mwisho ni sindano za pumu kali, na bei yake bumu haliwezi.

Wengi wetu hatuzihitaji. Tunahitaji pampu ya steroidi, mfano budesonidi, ambayo kipokezi chake kimo ndani ya seli na hutuliza uvimbe. Haileti nafuu papo hapo, ndiyo maana watu huitupa kabatini. Lakini tangu 2019, mwongozo wa kimataifa wa GINA haupendekezi tena vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli peke yake.

Kwa hiyo ukiona unavuta ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, usiishie kununua nyingine. Iache mfukoni kwa dharura, kisha nenda kwa daktari umuulize: yangu ya kuzuia iko wapi?