Serikali na Ulinzi wa Mtoto: Mafunzo Kutoka Gorong'a

Utangulizi

Inapotajwa kazi ya Serikali ya kuwalinda watoto, wengi wetu hufikiria kwanza askari na mahakama. Katika makala hii tunakusudia kueleza kwamba ulinzi huo huanza mapema zaidi, katika kitongoji na kijiji, na kwamba hatua yake ya kwanza imo mikononi mwa watu wa kawaida, wakiwemo watumishi wa Kanisa. Mfano wetu ni kata ya Gorong'a, wilayani Tarime, mkoani Mara. Katika kata hiyo, kijijini Masanga, kipo kituo cha watawa wa Kanisa Katoliki ambacho kwa miaka mingi kimewapokea mabinti wanaokimbia ukeketaji. Mahali hapo sheria ya nchi, huduma ya Kanisa na nguvu ya mila hukutana waziwazi.

1. Mtoto aliye hatarini

Kati ya Wakurya tohara ni mlango wa kuingilia utu uzima. Wazee wa koo ndio wanaotangaza msimu, na kwa desturi msimu huo huangukia mwezi Desemba wa miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zinapokuwa zimefungwa. Binti asiyekeketwa huitwa msagane, jina la dharau, na wenzake humhesabu kuwa mtoto hata akiwa na watoto wake mwenyewe. Pia mahari hutazamiwa kuwa pungufu. Kwa hiyo mzazi anayempeleka binti yake kwa ngariba mara nyingi hadhani kwamba anamdhuru. Huamini kwamba anampatia nafasi katika jamii.

Hata hivyo madhara ni dhahiri: kuvuja damu, maambukizo, taabu wakati wa kujifungua, na mara nyingi ndoa ya mapema inayokatiza masomo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba mkoani Mara asilimia 32 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 28, wakati kwa taifa zima ilikuwa asilimia 8. Tunaona basi kwamba desturi inapungua, lakini polepole.

2. Msingi wa sheria

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili. Ikafuata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inamtaja mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, na kuagiza kwamba maslahi yake yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi akawekewa adhabu ya kifungo cha miaka 30. Tena mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba.

3. Ngazi za utekelezaji

Sheria ya Mtoto inaikabidhi serikali ya mtaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto katika eneo lake. Inamtaka pia mtu yeyote katika jamii, mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, azifikishe kwa mamlaka hiyo. Afisa ustawi wa jamii akiisha kupata taarifa anaweza kumwita mzazi au mlezi, kuzungumza naye na kuamua lililo jema kwa mtoto. Mzazi akikataa kutii, shauri hupelekwa mahakamani. Katika vituo vya polisi yapo madawati ya jinsia na watoto, na taarifa hutolewa pia kwa simu namba 116.

Tangu mwaka 2017, chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ziliundwa kamati za ulinzi kuanzia kijiji na kata hadi wilaya, mkoa na taifa. Kamati hizi zina nafasi ya viongozi wa dini. Awamu ya pili ya mpango huo ilizinduliwa mwaka 2024.

Serikali haikuishia kukataza. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 hadi kidato cha sita. Mwishoni mwa mwaka 2021 wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito waliruhusiwa kurudi shuleni. Nao mpango wa kunusuru kaya maskini chini ya TASAF ulizipa kaya fedha kwa sharti la watoto kuhudhuria shule na kliniki. Jambo hili lina maana kubwa, kwa kuwa umaskini humfanya baba atazame ng'ombe wa mahari kabla ya kutazama umri wa binti.

4. Mahali panapokwama

Kama sheria ipo na ngazi zipo, kwa nini binti hukimbia usiku kwenda Masanga, au kwenye Nyumba Salama ya Mugumu wilayani Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014?

Kwanza, anayetakiwa kupokea taarifa kijijini ni jirani na ndugu wa anayeshtakiwa. Mwenyekiti wa kitongoji anategemea kura za watu walewale wanaotii tangazo la wazee. Pili, shahidi mkuu ni mtoto mwenyewe. Tangu mwaka 2016 sheria inamruhusu mtoto mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli. Lakini hakuna sheria inayoweza kumpunguzia uchungu wa kusimama mbele ya hakimu na kumtaja mama yake. Tatu, mpaka wa Kenya u karibu, na familia huweza kuvuka; ndiyo maana mwaka 2019 nchi za eneo hili zilikubaliana mjini Mombasa kushirikiana juu ya ukeketaji wa kuvuka mipaka.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, ni kurudi nyumbani. Kambi hufundisha heshima na wajibu wa utu uzima bila kukata, na msimu ukiisha maafisa wa ustawi na polisi hukutana na wazazi, nao huahidi kwa maandishi kutomkeketa binti. Wapo wanaotimiza ahadi, na wapo mabinti wasioweza kurudi kabisa. Karatasi iliyotiwa sahihi haimlindi binti Januari nzima. Anahitaji mtu wa karibu atakayepita nyumbani kwake kumjulia hali.

5. Wajibu wa mtumishi wa Kanisa

Hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi. Mchungaji, mwinjilisti na mzee wa kanisa huingia katika nyumba ambazo afisa ustawi hafiki. Tena binti huweza kuwaambia kabla hajamwambia mtu mwingine.

Pengine tutauliza: je, siri ya kichungaji haituzuii? Hatuna budi kupambanua. Siri ya ungamo humlinda mwenye dhambi anayetubu dhambi yake. Binti anayesema kwamba kesho atapelekwa kwa ngariba haungami dhambi; anaomba msaada. Akinyamaziwa, anayelindwa si yeye. Luther, akieleza Amri ya Tano katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba mtu huivunja amri hiyo hata kwa kutomwokoa jirani alipokuwa na uwezo. Na Mithali 31:8 inatuagiza kusema kwa ajili ya asiyeweza kujisemea.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Mchungaji amfahamu afisa ustawi wa wilaya yake kabla hajamhitaji. Akubali kuketi katika kamati ya ulinzi ya kijiji, asiiache ibaki na majina tu. Azungumze na wazazi na wazee kabla ya Desemba, bila kuwatukana, kwa maana aliyetukanwa hufanya sirini. Na binti akirudishwa nyumbani, usharika ufuatilie hali yake.

Hitimisho

Tumeona kwamba Serikali imeweka sheria, maafisa, kamati na misaada. Yote hayo hayasogei mpaka mtu mmoja aliye karibu na mtoto atoe taarifa. Mtumishi wa Kanisa ataombea wenye mamlaka, kama inavyompasa. Lakini mara nyingi yeye ndiye wanayemngojea aseme.