Je, umakini wa mtu mzima waweza kupimwa?

Siku moja mama mmoja alimleta mumewe katika kliniki yetu ya wagonjwa wa nje. Mume ni fundi cherehani. "Mama nesi," alisema yule mama, "huyu anasahau pasi ya mkaa juu ya nguo za watu. Anaanza suruali tatu, hamalizi hata moja. Mteja akimwudhi kidogo, anatamka maneno ambayo jioni anayajutia. Nasikia siku hizi kuna mtihani wa kompyuta wa kupima akili ya mtu. Mfanyieni huo, tujue moja."

Mume alikaa kimya, akitazama chini. Majirani walikwisha kumpa majina: mvivu, mlevi, na wengine walisema amerogwa. Ndiyo maana swali la mama huyu ni zito. Kipimo kikisema uongo, mtu hubeba jina baya maisha yake yote. Basi mwezi huu tuangalie vipimo hivi: vilitoka wapi, na tuviamini kiasi gani?

VILIANZAJE?

Mwaka 1935 huko Marekani, John Ridley Stroop alitoa matokeo ya jaribio ambalo hata ninyi mnaweza kulifanya nyumbani. Andika neno "nyekundu" kwa wino wa kijani, kisha mwulize mtu: wino huu ni wa rangi gani? Ulimi unataka kusoma neno, nawe unatakiwa kuuzuia utaje wino. Wanafunzi 100 walitaja rangi 100 za vibandiko vitupu kwa wastani wa sekunde 63. Rangi hizo zilipoandikwa kama maneno yanayopingana na wino, walihitaji sekunde 110. Huko ndiko kujizuia.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na shida nyingine. Askari waliokodolea macho mitambo ya rada kwa muda mrefu walikuwa wakipitwa na alama walizotakiwa kuziona. Norman Mackworth, huko Cambridge, alitengeneza saa yenye mshale mmoja uliopiga hatua kila sekunde. Mara chache mshale uliruka hatua mbili, na mtazamaji alitakiwa kuligundua hilo. Kazi ilidumu saa 2. Baada ya nusu saa ya kwanza tu, watu walianza kupitwa zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1948.

Mwaka 1956 kikatokea kipimo cha herufi, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu walioumia ubongo. Herufi zinapita moja moja, nawe unabonyeza unapoiona X tu. Kupitwa na X ni dalili ya umakini kulegea. Kubonyeza pasipo X ni dalili ya kushindwa kujizuia. Vipimo vingi vya kompyuta vya leo ni wajukuu wa hivi vitatu.

MIZANI INAYOCHEZA

Akina mama mnaijua mizani ya kliniki ya watoto. Mtoto akipimwa akawa na kilo 9, na baada ya dakika tano akawa na kilo 11, hamtasema amenenepa. Mtasema mizani ni mbovu. Vivyo hivyo kipimo cha akili: mtu yuleyule akipimwa leo na baada ya wiki chache, majibu yanapaswa kukaribiana.

Mwaka 2018 wataalamu Hedge, Powell na Sumner wa Chuo Kikuu cha Cardiff walichapisha uchunguzi wa vipimo 7 vya namna hii, kikiwamo kile cha Stroop. Waliwapima watu, wakawapima tena baada ya wiki tatu. Penye kupatana kabisa alama ingekuwa 1. Pasipo kupatana, 0. Walipata alama kuanzia 0 hadi 0.82, na nyingi zilikuwa chini kuliko walivyotarajia.

Kwa nini, wakati vipimo hivi ni mashuhuri? Sababu ni hii: vilipendwa kwa kuwa karibu kila mtu huchelewa kwa kiasi kinachofanana. Vinafaa kuonyesha jinsi akili ya binadamu inavyofanya kazi. Lakini kama watu wote wanafanana hivyo, kumtenga Petro na Paulo ni kama kupima punje za mahindi kwa mizani ya magunia.

Tena kuna mambo yanayodanganya kipimo: usingizi mchache, njaa, homa, pombe, hofu ya kompyuta. Hata kusoma kwenyewe: asiyejua kusoma hasumbuliwi na neno "nyekundu", kwa hiyo ataonekana hodari wa kujizuia!

KINATENGENEZWAJE KIPIMO KIZURI?

Wataalamu huongeza idadi ya majaribio ili bahati isitawale. Huwapa watu mazoezi kwanza. Hupima zaidi ya mara moja, katika mazingira yaleyale. Huunganisha vipimo kadhaa badala ya kutegemea kimoja. Na kipimo kikihamishiwa lugha nyingine, hujaribiwa upya kwa wenye lugha hiyo.

Pia huuliza maswali. Mwaka 2005 ilitoka orodha ya maswali 18 ya Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima, juu ya miezi 6 iliyopita: Je, huwa unashindwa kumalizia kazi? Husahau miadi? Maswali 6 kati ya hayo hutumika kuchuja tu. Hayatoi hukumu. Hali ya upungufu wa umakini iliyo ugonjwa huanza utotoni, na dalili huonekana kabla ya miaka 12. Kwa hiyo daktari humwuliza hata mama mzazi, na hakuna kipimo kimoja cha kompyuta kinachotosha kuithibitisha.

TURUDI KWA FUNDI WETU

Tulimwuliza: yalianza lini? Mke alijibu kwamba mwaka uliotangulia mumewe alikuwa bado anasifiwa kwa kutimiza ahadi. Basi hayakuwa mambo ya utotoni. Tuliuliza juu ya usingizi. Alikuwa akiamka mara tano usiku kwenda haja ndogo. Tukapima damu: sukari ilikuwa juu sana. Alianza dawa, na usingizi ukarudi. Hajawa malaika, lakini suruali zinatoka kwa wakati.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mtu wenu akipoteza umakini:

1. Msimpe jina kabla ya kumpeleka kwa mganga wa hospitali.
2. Kumbukeni yalianza lini, mkaeleze.
3. Tajeni usingizi, pombe na dawa zote anazotumia, hata za kienyeji.
4. Akipimwa kwa kompyuta, ulizeni kama atapimwa tena, na nini kingine kitaangaliwa.

Yakianza ghafla, pamoja na homa, kuchanganyikiwa, mdomo kupinda au mkono kulegea, msingoje kesho. Mleteni hospitali siku hiyohiyo.