Kitabu cha Mfukoni

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana kalamu na daftari. Leo nasema hasa na darasa la Lizaboni, Songea, lakini ninyi wengine nanyi sikilizeni.

Mmekwisha kujua kuandika majina yenu na kutia sahihi. Leo tutaandika mambo ambayo bado hayajafika.

Tuseme mama mmoja anauza dagaa wa Ziwa Nyasa sokoni Lizaboni. Jumanne mtoto ana kliniki. Alhamisi kuna marejesho ya kikoba. Jumamosi mteja atakuja kuchukua madebe mawili. Siku ya kliniki imo katika kadi, na kadi imo sandukuni. Marejesho ameyaweka kichwani. Ujumbe wa mteja umo katika simu ya binti yake, na binti amekwenda Namtumbo. Je, mama huyu ni msahaulifu? Hapana. Mambo yake yamekaa mahali patatu, wala hapana mahali pamoja pa kuyatazama.

Shida hii si ya Lizaboni tu. Mwaka 1996, kule Marekani, kilitoka chombo kidogo cha kutia mfukoni kilichoitwa Pilot, cha kampuni ya Palm. Bwana Jeff Hawkins, aliyekibuni, alianza kwa kuchonga kipande cha mti cha ukubwa ule ule, akawa anatembea nacho. Akiulizwa kama ana nafasi siku fulani, hutoa kibao chake akajifanya anaandika! Kwa njia hiyo alipima kama chombo chenyewe kingemfaa. Kilipokamilika kilifanya hasa kazi nne: kutunza tarehe, anwani, orodha ya shughuli, na maneno mafupi ya kukumbuka. Betri mbili ndogo zilitosha wiki kadhaa.

Na hapa pana jambo la kuwafurahisha. Chombo kile hakikuweza kusoma mwandiko wa kila mtu, kwa hiyo watu waliosoma sana iliwabidi wajifunze herufi upya. A, kwa mfano, iliandikwa bila mstari wake wa katikati. Walikosea na kurudia, kama ninyi mwezi wa kwanza.

Simu janja zilipoenea, baada ya mwaka 2007, vyombo hivyo vilitoweka madukani. Lakini wako watu wanaovitunza hata leo, nami siwacheki. Unafungua simu janja utazame tarehe, unakuta picha za harusi na ujumbe wa shemeji; unapoifunga, tarehe hukuiona. Hata kwetu wako wenye simu janja ambao hawakutupa kitochi. Kitochi kinakuamsha, kinakuonyesha tarehe, na chaji yake inakaa siku kadhaa.

Lakini jihadharini na saa. Simu huanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi huanza jua linapochomoza. Nilipokuwa kijana niliandika "06:00" katika daftari langu. Ilikuwa saa ya basi la kwenda Iringa, kwenye msiba wa shangazi yangu. Nikafika stendi saa sita mchana, mkoba begani. Basi lilikuwa limeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilipofika Iringa siku ya pili, watu walikuwa wamekwisha kuzika. Namba niliyoandika ilikuwa sawasawa. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya.

Sasa mwalimu aandike ubaoni:

Saa 2 asubuhi ni 08:00.
Saa 8 mchana ni 14:00.
Saa 2 usiku ni 20:00.

Tangu saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongezeni 6. Tangu saa 1 usiku hadi saa 5 usiku, ongezeni 18. Tangu saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi, toeni 6.

Haya, kunjeni karatasi mbili, zishoneni kwa uzi katikati. Hicho ndicho kitabu cha mfukoni. Andikeni tarehe, kisha saa, kisha jambo. Anayejua siku ya kliniki ya mtoto aanze na hiyo. Mambo yote yaingie humo, na kitabu kitazamwe mara mbili: asubuhi kabla ya kutoka, na usiku kabla ya kulala. Mwenye kitochi aweke kengele pia, lakini kwanza aandike.

Mwalimu, wasaidie wasioikumbuka tarehe ya leo. Wiki ijayo njoni na vitabu vyenu, tuone ni mambo mangapi mmeyakata kwa mstari. Kwaherini.